Kibaba cha Intaneti: Jinsi Matumizi ya Mtandao Yanavyopimwa na Kulipiwa

 

 Katika somo la fiqhi ya biashara mwaka huu tumepita katika mlango wa vipimo. Tumesoma kuwa vibaba vinne ni pishi moja, kama vile mudi nne zinavyofanya swaa moja. Tulitarajia maswali ya mchele na tende. Tulichoulizwa zaidi ni bando: mtu akinunua GB moja asubuhi ikamalizika kabla ya adhuhuri, je, ameibiwa?

Swali hili si la kitoto. Katika nyumba nyingi za Ilala bando siku hizi linanunuliwa pamoja na unga na mkaa, na ugomvi wake tunaujua. Mama anamtuhumu mtoto kuwa ameangalia video. Mtoto anaituhumu kampuni. Kampuni inajibu kuwa bando limetumika. Wizi umeshatajwa mara mbili na ushahidi haujaletwa hata mara moja. Kula mali ya mtu kwa kipimo pungufu ni dhambi kubwa, na kumtuhumu mtu wizi asioufanya nako si jambo dogo. Kwa hiyo kabla ya kuhukumu tujue kwanza kibaba chenyewe kinajazwa wapi, na nani anayekijaza.

Kulipa kwanza, kupimiwa baadaye

Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipana fedha za tende mwaka mzima au miwili kabla ya tende kuvunwa. Hakuivunja biashara ile. Aliwaelekeza kuwa anayelipa kabla alipie kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Hadithi hii imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.), na wanavyuoni wameijengea mlango wa biashara ya salam.

Hatusemi kuwa bando ni salam. Pengine liko karibu zaidi na ijara, yaani kukodi huduma kwa muda, na hayo tunawaachia masheikh wenye elimu kutuzidi. Tunachokiangalia ni kuwa mnunuzi wa bando naye hutoa fedha kwanza, kisha hupimiwa kidogo kidogo. Akishalipa, kilichobaki mkononi mwake ni ahadi na kipimo.

Basi tulinganishe vipimo tunavyoishi navyo. Muuza kunde pale Kariakoo anajaza kopo mbele ya macho yako, na akilibonyeza kwa ndani unaliona. Mizani yake hukaguliwa na kupigwa muhuri na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002. Hata lumbesa, yale magunia yanayofungwa kwa kilemba cha kamba ili yabebe kuliko kipimo na kumpunja mkulima, huonekana kwa macho, ndiyo maana serikali imeweza kuyapiga marufuku. Umeme una mita ya LUKU ukutani kwako. Maji yana mita nje ya nyumba, na msomaji wa mita akikosea unaweza kuinama ukasoma mwenyewe.

Intaneti haiko hivyo. Mita yake inakaa kwa muuzaji, ndani ya chumba chenye kiyoyozi ambacho wewe hutaingia. Muuzaji ndiye anayepima, ndiye anayeandika, na mara nyingi ndiye anayesikiliza malalamiko. Sura nzima ya Qur'an, Al-Mutaffifin, imepewa jina la wapunjaji, na aya zake za mwanzo zinawaonya wenye vipimo viwili, kimoja cha kununulia na kingine cha kuuzia. Anayeshika mizani peke yake ana mtihani mkubwa kuliko yule anayepimia hadharani.

Kutoka dakika kwenda baiti

Wazazi wetu wanakumbuka kuwa intaneti ilianza kwa kupimwa kwa saa. Katika miaka ya 1990 kampuni kama CyberTwiga, Africa Online na Raha ziliwaunganisha watu wa Dar es Salaam kwa waya wa simu, na ulipokuwa umeunganishwa simu ya nyumbani ilikuwa imeshikwa na dakika zinahesabiwa. Baadaye zikaja intaneti kafe. Ulikaa mbele ya kompyuta, saa ikaanza kuhesabu kwenye kona ya kioo.

Kipimo cha saa ni chepesi kukielewa, lakini kilikuwa na dhuluma ndani yake hata kama hakuna aliyeikusudia. Wakati ule mawasiliano ya nje ya nchi yalipita kwenye setilaiti, na yalikuwa ghali na ya polepole. Ukifungua barua pepe moja ukasubiri, unalipia kusubiri. Mtandao ukizidi kuwa mbovu, mwenye kafe anazidi kupata. Ni sawa na kununua maji kwa dakika kutoka kwenye bomba linalotiririka kama uzi.

Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kupitia baharini, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Kasi ikaongezeka, na simu za mkononi zikawa ndiyo mlango wa intaneti kwa watu wengi. Kipimo nacho kikahama kutoka dakika hadi baiti, yaani kutoka muda uliokaa hadi mzigo uliobebwa. Kwa maoni yetu hilo lilikuwa jambo la haki zaidi. Ila lilimwondolea mnunuzi ile saa ya ukutani aliyoweza kuisoma.

Baiti ni nini?

Kompyuta huandika kila kitu kwa alama mbili, 0 na 1. Kila alama moja huitwa biti, na biti nane hufanya baiti moja. Herufi moja ya neno «Ilala» hukaa kwenye baiti moja, kwa hiyo neno zima ni baiti 5. Picha ya simu ina mamilioni ya baiti.

Kasi hutajwa kwa biti, mzigo hutajwa kwa baiti, na wengi huchanganya hapa. Anayeuziwa «megabiti 8 kwa sekunde» akidhani atapata megabaiti 8 atapata moja tu, na hajapunjwa. Hakuelewa kipimo alichotajiwa.

Kuna mchanganyiko mwingine. Kwa hesabu ya kawaida gigabaiti moja ni baiti 1,000,000,000. Wanakompyuta wengi huhesabu kwa 1,024 badala ya 1,000, hivyo kwao gigabaiti moja ni baiti 1,073,741,824. Tofauti ni baiti 73,741,824, zaidi ya MB 73 katika kila GB. Simu yako ikihesabu kwa njia moja na kampuni kwa njia nyingine, mtabishana hadi kesho na wote wawili mko sahihi. Wazee wetu walilijua hili: pishi ya mji mmoja haikulazimika kulingana na pishi ya mji mwingine, na msafiri mwenye akili aliuliza kwanza. Muuzaji anatakiwa aseme anatumia ipi.

Daftari la muuzaji

Sasa tuingie chumbani. Kampuni inayouza intaneti ya nyumbani au ofisini ina mashine inayoitwa ruta, na kila mzigo wa mteja lazima upite hapo. Ruta inahesabu baiti zinazoingia na zinazotoka, lakini haitoi bili. Hupeleka taarifa kwenye seva ambayo kazi yake ni kuandika. Lugha ambayo ruta na seva huzungumza mara nyingi ni RADIUS, iliyobuniwa na kampuni ya Livingston ya Marekani mwaka 1991. Kanuni za upande wake wa hesabu zilichapishwa upya Juni 2000 katika waraka unaojulikana kwa jina la RFC 2866.

Mazungumzo yao ni mafupi. Mteja akiunganishwa, ruta hutuma taarifa ya «kuanza», yenye jina la mteja na namba ya kikao. Akiwa anaendelea, kila baada ya dakika kadhaa hutumwa taarifa ya katikati: mpaka sasa ametumia kiasi fulani. Akikata, hutumwa taarifa ya «kumaliza» yenye jumla. Seva hupanga taarifa hizo kwa mteja na kwa siku, na kutoka hapo ndipo ankara hutengenezwa au salio hupunguzwa.

Tunawaomba wanafunzi washike neno «mpaka sasa». Taarifa za katikati ni kama usomaji wa mita ya maji: leo 120, kesho 260. Huzijumlishi. Unachukua ya mwisho, au unatoa ya nyuma kutoka ya mbele. Anayeandika programu ya bili akazijumlisha atamtoza mteja mara mbili au tatu, na atashangaa kwa nini wateja wanamkimbia.

Kwenye simu za malipo ya kabla utaratibu ni tofauti kidogo, kwa sababu salio lazima likatwe papo hapo. Mtambo wa kampuni haukupi bando lako lote kwa mkupuo. Mlango wa mtandao huomba kwa mtambo wa fedha sehemu ndogo, tuseme MB chache, ukuachie uzitumie. Zikiisha unaomba nyingine. Ni kama mama anayemtuma mtoto dukani kwa noti ndogo ndogo badala ya kumpa mkoba mzima. Ukizima simu katikati, sehemu isiyotumika hurudishwa. Ndiyo maana ukiangalia salio wakati unatumia, namba unayoiona inaweza kuwa imetangulia au imechelewa kidogo. Subiri kikao kifungwe ndipo usome.

Mahali makosa yanapoingilia

Wengi wanadhani makosa ya bili hutoka kwa mtu mwovu. Yapo ya namna hiyo. Lakini mengi huingia kwa mlango wa uzembe, na ni vyema tuyajue.

La kwanza ni taarifa kuandikwa mara mbili. Ruta imetuma taarifa, seva imeandika, jibu la «nimepokea» likapotea njiani. Ruta, kwa kuwa haikujibiwa, inatuma tena. Seva iliyotengenezwa kwa umakini huangalia namba ya kikao, huona kuwa jambo hili limeshaandikwa, na huliacha. Seva ya mzembe huandika tena. Mwenye duka la mtaani anaijua hali hii: mtoto ametumwa sukari ya deni, akarudi kuuliza kama imeandikwa, muuzaji akaandika mara ya pili.

La pili tunalijua sana sisi wa huku mjini, nalo ni umeme kukatika. Ruta ikizimika ghafla haipati nafasi ya kutuma taarifa ya «kumaliza». Kikao kinabaki wazi kwenye daftari kana kwamba mteja bado anatumia. Hapo taarifa za katikati ndizo mkombozi, kwani bili hufungwa kwa ile ya mwisho iliyofika. Kilichotumika baada yake ni hasara ya muuzaji, na si halali yake kukisia akamwandikia mteja.

La tatu ni mita kujaa. Gari la zamani likifika kilomita 99,999 mita yake hurudi sifuri. Mita nyingi za ruta zilitengenezwa kwa biti 32, na zenyewe hurudi sifuri zikifika baiti 4,294,967,296. Tuchukue mfano: usomaji wa kwanza ni 4,294,000,000, wa pili ni 1,000,000. Ukitoa kijinga unapata namba hasi. Hesabu sahihi ni baiti 967,296 zilizobaki kabla ya kurudi sifuri, ujumlishe 1,000,000 baada yake, jumla 1,967,296. Mpaka hapo hakuna tatizo. Tatizo ni kuwa kwenye njia ya megabiti 100 kwa sekunde mita hiyo hujaa kwa muda wa dakika 5.7 hivi, na kwenye njia ya gigabiti moja hujaa kwa sekunde 34 tu. Anayesoma mita kila baada ya dakika tano kwenye njia hiyo ya pili hawezi kujua imezunguka mara ngapi katikati. Dawa yake ni mita ya biti 64, ambayo kwa kasi ya gigabiti moja haitajaa kwa zaidi ya miaka 4,000. Tunalieleza hili kwa urefu kwa sababu hapa anayepunjwa mara nyingi ni muuzaji. Haki haina upande.

La nne ni saa. Mitambo mingi huandika saa za Greenwich, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Mtu amenunua bando la usiku linaloanza saa sita ya usiku. Anatumia saa nane za usiku wa kuamkia Jumamosi. Daftari la mtambo linaandika saa tano ya usiku, Ijumaa. Fundi akisahau kubadilisha, matumizi yale yanahesabiwa kuwa ya nje ya bando. Tena neno «siku» lenyewe lina utata. Kwetu Waislamu usiku wa Ijumaa huingia kwa magharibi ya Alhamisi, kwa kalenda ya kawaida siku hubadilika saa sita ya usiku, na kwa bando la «siku moja» huenda ni saa 24 tangu uliponunua au huenda ni mpaka saa sita ya usiku huohuo. Aliyelinunua saa nne ya usiku atapata ama saa 24 ama saa mbili. Huu ndio ule «muda unaojulikana» uliotajwa kwenye hadithi. Ukiachwa bila kuelezwa ni gharar, na Mtume (S.A.W.) amekataza biashara ya gharar.

Uzito wa gunia

Turudi kwa mtoto aliyetuhumiwa. Inawezekana kweli hakuangalia video, na kampuni haikuiba.

Intaneti husafirisha mzigo kwa vipande viitwavyo pakiti. Pakiti ya kawaida yenye baiti 1,500 huwa na baiti kama 40 za anwani, yaani wapi inatoka na wapi inaenda, na zilizobaki ndizo mzigo wenyewe. Hizo 40 ni uzito wa gunia, na mita inazihesabu. Pakiti ikipotea njiani baada ya kupita kwenye mita, hutumwa nyingine, na zote mbili zinaweza kuhesabiwa ingawa umepokea moja. Mahali penye mtandao dhaifu, kama vyumba vya ndani vya maghorofa ya Kariakoo, hali hiyo huzidi. Kupakia nako kunahesabiwa sawa na kupakua: ukituma picha ya harusi kwenye makundi, umetumia bando lako, na kila aliyeifungua ametumia lake.

Kubwa kuliko yote ni kazi zinazofanyika simu ikiwa mfukoni. Programu zinajisasisha. Picha zinapelekwa kuhifadhiwa. Video inayofuata inaanza kucheza yenyewe. Matangazo yanashushwa kwa gharama yako. Simu nyingi za kisasa zinaonesha kila programu imetumia kiasi gani, na tunashauri ukurasa huo ufunguliwe kabla ya mtu yeyote kuitwa mwizi. Tumeona zaidi ya familia moja iliyokuta mla bando ni simu ya baba.

Kuna jambo la «bila kikomo» ambalo halitufurahishi. Unauziwa bila kikomo, kisha baada ya kiasi fulani kasi inashushwa mpaka kufungua picha ni kazi. Kiasi hicho huandikwa mahali fulani kwa herufi ndogo. Mtume (S.A.W.) alipita kwenye chungu cha chakula sokoni, akatia mkono ndani, akakuta kimelowa chini. Alimwelekeza mwenye mali aiweke sehemu iliyolowa juu, watu waione. Kikomo nacho kiwekwe juu.

Wakubwa wanavyopimiana

Kampuni inayokuuzia nayo hununua kwa wenye mikongo, na huko hawanunui kwa GB. Hununua upana wa bomba, na kipimo chao kimoja ni cha ajabu kidogo. Mita husomwa kila baada ya dakika tano, siku zote za mwezi. Kwa mwezi wa siku 30 hiyo ni mara 8,640. Usomaji wote hupangwa kutoka mkubwa hadi mdogo, asilimia 5 ya juu, yaani 432, hutupwa, na ule unaofuata ndio unaolipiwa. Maana yake mnunuzi amesamehewa jumla ya saa 36 za vilele vyake. Mwanafunzi anaweza kuuliza kama huu ni msamaha au ni ujanja. Jibu letu ni kuwa pande zote mbili zinasoma mita, zinajua kanuni kabla ya kusaini, na kila mmoja anaweza kupiga hesabu mwenyewe. Wakubwa hawakubali kupimiwa gizani.

Mwaka 2004 kampuni za intaneti za Dar es Salaam zilianzisha kituo cha kubadilishana mawasiliano, TIX, ili barua pepe ya kutoka Ilala kwenda Temeke isizunguke Ulaya au Marekani na kulipiwa njia ya nje. Waliona wanapimiwa safari ambayo haikuwa na haja, wakaifupisha.

Kuhesabu si kupeleleza

Daftari la matumizi ni amana. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, iliyo katika Surat Al-Baqara, inahusu kuandika madeni kwa uadilifu. Lakini Surat Al-Hujurat inatukataza kupelelezana. Vyote viwili vinakutana ndani ya seva ya bili.

Ili kukutoza, muuzaji anahitaji kujua nani, lini na kiasi gani. Hahitaji kujua ulisoma nini. Ipo mitambo, kama NetFlow ya kampuni ya Cisco, inayoweza kuandika kila safari: kutoka anwani hii kwenda ile, saa ngapi, baiti ngapi. Ni msaada mkubwa pale mteja anapolalamika, kwani anaweza kuoneshwa mzigo ulikokwenda. Lakini daftari hilo likikaa ovyo, mfanyakazi wa zamu ya usiku anaweza kujua nani mtaani anasoma habari za ugonjwa gani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Tunasema kabla ya sheria kuna Mwenye kuona kila kitu.

Nasaha hii inawahusu hasa vijana wetu wanaouza Wi-Fi kwa vocha kwenye maghorofa na maduka, kwa ruta ndogo kama za MikroTik. Kwanza, kuuza mawasiliano kwa umma kunahitaji leseni ya TCRA kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2010, na mikataba mingi ya intaneti ya nyumbani hairuhusu kuiuza tena. Muislamu hutimiza mkataba. Pili, andika kwenye vocha yenyewe: ni MB ngapi, ni saa ngapi, saa zinaanza kuhesabiwa lini, na umeme ukikatika inakuwaje. Tatu, mteja awe na ukurasa wa kuangalia kilichobaki. Ruta hizo zinaweza kuutoa. Uvivu tu ndio unaozuia.

Pa kupeleka malalamiko

Zamani soko la Waislamu lilikuwa na muhtasib, aliyetembea akikagua mizani. Kwetu kwenye mawasiliano kazi hiyo iko kwa TCRA, iliyoanza mwaka 2003. Machi 2021, baada ya malalamiko mengi ya wananchi, ilitoa kanuni ndogo za vifurushi, na kati ya yaliyomo ni kuwa mteja apewe taarifa matumizi yakifika asilimia 75 na yakifika asilimia 100. Aprili mwaka huohuo bei mpya za vifurushi zilizua kelele kubwa, na serikali ikazisitisha. Sauti ya mnunuzi inasikika, ila husikika zaidi ikiwa na ushahidi. Anza na kampuni yako, chukua namba ya lalamiko, na usiporidhika nenda mbele ukiwa na maandishi. Mtu anayesema «mnatuibia» huambiwa asubiri. Mtu anayesema «tarehe hii saa hii nilikuwa na MB kadhaa, simu yangu ikahesabu 180, nyinyi mmekata 420» hujibiwa.

Zoezi

Kila mwanafunzi, kwa ruhusa ya mzazi, atengeneze daftari la siku saba kwa simu moja ya nyumbani. Asubuhi aandike salio la kampuni na namba inayooneshwa na simu. Usiku, baada ya kuzima data na kusubiri kidogo, aandike tena zote mbili. Safu ya tano iwe ya programu tatu zilizotumia zaidi. Siku ya saba atafute tofauti kati ya hesabu mbili, na aandike kama tofauti hiyo inaweza kuelezwa na yale tuliyoyasoma: 1,000 na 1,024, saa ya kuanzia, au kikao ambacho hakijafungwa.

Kisha wanafunzi wa darasa la juu wajibu hili. Seva imepokea taarifa za kikao kimoja kwa mpangilio huu: kuanza; MB 120; MB 260; MB 260 yenye namba na saa ileile ya iliyotangulia; MB 410; kisha umeme umekatika na hakuna taarifa ya kumaliza. Mwenye seva wa kwanza amemtoza mteja MB 1,050. Wa pili amemtoza MB 410. Wa tatu amemtoza MB 500, akisema lazima alitumia kidogo zaidi kabla umeme haujakatika. Elezeni kila mmoja alifikaje kwenye namba yake, nani kati yao amepima sawasawa, na wale wengine wawili wanadaiwa nini na mteja wao. Majibu yaandikwe kwa mkono na yaletwe Jumamosi ya pili baada ya kufungua.